Jumapili ya Mama Lamboni

Siku hizi naitwa mama mheshimiwa. Muuza nyanya wa sokoni hapa Geita ananiita hivyo, vijana wa bodaboda wananiita hivyo, na hata wanakwaya niliowapikia maandazi miaka nenda rudi wamejifunza kuniita hivyo bila kucheka. Kabla ya hapo nilikuwa mama mchungaji. Hakuna aliyeniuliza napenda lipi. Mimi nililipenda lile la kwanza. Lilikuja na wageni wengi na sufuria nyingi za kusugua, lakini nililizoea likawa langu. Hili la sasa ni kama mzigo wa jirani ulioachwa barazani kwangu, na mwenyewe hajarudi kuuchukua.

Nikiulizwa ilikuwaje mchungaji akaingia kwenye siasa, wanaouliza hutaka nianze na kampeni, magari na spika. Mimi kila nikikumbuka naanza na mama yangu mzazi. Siwezi kueleza kilichotupata nyumbani kwangu bila kumtaja yeye.

Mama aliishi Didia. Si pale barabarani magari ya Tinde na Shinyanga yanapopita, ila ndani zaidi. Unavuka majaruba ya mpunga, unapita mashamba ya pamba, ndipo unaona minyaa ya ua wetu. Hakuwa Mkristo. Nyuma ya zizi kulikuwa na kijumba kidogo cha nyasi cha mababu wa upande wa baba, na baada ya baba kufariki, mama ndiye aliyekitunza, akakipelekea unga na pombe kidogo kama alivyoachiwa maagizo. Mimi niliokoka nikiwa sekondari Shinyanga mjini, na tangu siku hizo maombi yangu yalikuwa na ombi moja mbele ya mengine yote: mama abatizwe. Niseme wazi kwamba nilikuwa naogopa. Niliogopa tutatenganishwa siku moja na sitamwona tena milele. Anayeona hofu hiyo ni ya kitoto hakulelewa na mama wa namna ile.

Mume wangu naye ni Msukuma, lakini alikulia Mwadui, kwenye nyumba za mgodi wa almasi ambako baba yake alikuwa fundi. Shangazi zangu walimkataa kabla hawajamwona. Walisema watoto wa kambi wamekula mkate tangu wadogo, hawajui heshima ya ukwe. Na kwetu heshima ya ukwe si jambo la mchezo. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mkwe anaacha njia mpaka mama apite. Hata kuzungumza wanazungumza kwa kupitia mtu wa tatu, na wote wawili wanajifanya hawasikiani.

Siku aliyokuja kujitambulisha, alikutana na mama kwenye tuta jembamba katikati ya majaruba, mama akiwa na ndoo kichwani. Hapakuwa na pa kupishana. Kijana wa Mwadui, amevaa suti na viatu vya kung'aa, alishuka kwenye jaruba akasimama ndani ya tope mpaka magotini, akageuza uso kando. Mama alipita taratibu, tena nadhani alipunguza mwendo makusudi. Tulipofika nyumbani, shangazi mkubwa alimwangalia suruali ile, akaenda kumchinjia kuku mwenyewe. Toka siku hiyo mama hakumwita kwa jina lolote ila mkwilima, yaani mkwe wangu, na alilitamka kwa majivuno.

Tukaoana, akapangiwa kanisa hapa Geita mjini, kanisa la wachimbaji na wake zao, watu wa leo yupo kesho yuko Buseresere. Kila tulipopata nafasi tulikwenda Didia. Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo sijaliona kwingine. Mume wangu alitaka kumhubiria mama, lakini angehubirije mtu asiyeruhusiwa kumtazama? Basi alikuwa anawekewa kigoda nje, chini ya upenu wa nyumba ya mama, anakaa amekipa kisogo kizingiti. Mama anakaa ndani. Mimi nakaa mlangoni. Mume wangu anafungua Biblia ya Kisukuma na kunisomea mimi, kwa sauti ya kutosha, habari ambazo mimi nazijua tangu sekondari. Akimaliza anasema, "Mama watoto, umeelewa?" Najibu nimeelewa. Na ndani kimya, isipokuwa mara mojamoja mama aliguna au alisema taratibu, kama anaongea na ukuta, "Mwambie arudie hapo pa yule mwanamke wa kisimani."

Miaka ilipita hivyo. Mwaka mmoja wa mavuno mazuri mama aliniita jikoni, tukawa tunapepeta mpunga, akasema Mungu wangu mimi hamjui, kwa sababu nilipookoka niliacha kumsalimia mjomba mnywaji. "Lakini wa mkwilima namjua," alisema. "Ana adabu. Anakaa nje mpaka aitwe. Huyo nitamwendea."

Niliacha ungo nikalia. Nililia mpaka akaniuliza kama nimeumwa na nge.

Furaha ile ilikutana na ukuta siku hiyohiyo. Kanisa letu linabatiza kwa kuzamisha. Mchungaji anaingia majini, anakushika mgongoni na kifuani, anakulaza, anakuinua. Mama mkwe alazwe kwenye mikono ya mkwe wake mbele ya watu? Hata kulisema ilikuwa aibu. Nikasema basi abatizwe na mchungaji wa Shinyanga. Mama alikataa kwa sauti ambayo hakuitumia mara nyingi. Akitafuta mchungaji mwingine, watu watasema mkwe wake hafai, kumbe mahubiri aliyoyasikia miaka yote ni yake. Kwa hiyo kwa mkwe hawezi kwenda, na kwa mwingine hataki. Heshima imefunga mlango wa mbele na wa nyuma, na mama yuko katikati, ametulia kabisa, anasubiri wenye akili tufikiri.

Aliyetuokoa ni shangazi mkubwa, ambaye mwenyewe hakuwa na habari na kanisa. Aliwaita wanawake wazima wa ukoo, wakakaa, wakabishana mpaka jua likapinda, kisha wakatoa uamuzi. Mkwe alete mbuzi mmoja, aliwe na wanawake hao, ndiyo kuomba njia. Alete na kitenge kipana. Siku hiyo mama ataingia majini akiwa amezungushiwa kitenge kile, mimi na shangazi tutashika ncha huku na huku, na mkono wa mkwe utagusa nguo, hautamgusa mama. Akishamwinua, ageuke na kutoka upande wa pili wa maji. Njia hiyo inafunguliwa kwa siku moja, na kwa mtu mmoja. Mume wangu aliposikia alicheka kwa furaha, akasema hajawahi kusoma chuoni theolojia ya maana kama ile. Mbuzi alifika wiki iliyofuata. Ikapangwa Jumapili moja ya mwezi wa sita, mavuno yakiwa yamekwisha na lambo la ng'ombe bado lina maji.

Nirudi Geita sasa, maana huko nako mambo yalikuwa yanachemka.

Zahanati ya kata yetu ilikuwa inafungwa mchana, wauguzi wakishachoka. Mwanakwaya wetu mmoja, mke wa mchimbaji, alishikwa na uchungu jioni, akapelekwa pale kwa bodaboda, akakuta kufuli. Alijifungulia kwenye kibaraza cha duka la vipuri, na mtoto hakuishi. Mume wangu ndiye aliyemzika mtoto yule. Baada ya mazishi alianza kuzunguka ofisi, moja baada ya nyingine, akiomba zahanati iwe na mtu usiku. Kote alipokelewa vizuri, akapewa kiti, akapewa soda. Na kote aliambiwa neno lilelile: "Mchungaji, wewe tuombee tu."

Siku aliyoambiwa hivyo mara ya mwisho alirudi nyumbani akaiweka Biblia mezani kwa kishindo. Sikuwahi kumwona akiifanyia hivyo. "Wamenigeuza mtu wa kufungulia vikao," alisema. "Nafungua kwa sala, halafu natolewa nje wakati wa kuamua."

Nilimwambia agombee udiwani. Ndiyo, mimi pia nilisema, na ningesema tena. Nilikuwa nimemwosha yule mama wa kwaya kwa mikono yangu. Diwani wa zamani alikuwa amechoka, wazee wa mtaa walikuja kumwomba mume wangu, na sikuona kosa lolote. Nilijua utaratibu wa kanisa letu: mchungaji akitaka siasa anakabidhi joho, anakabidhi madhabahu, habatizi wala hafungishi ndoa mpaka atakapomaliza na kurudishwa. Tulikubaliana vizuri, tumekaa sebuleni, kwamba atamwendea askofu baada ya Jumapili ya mama. Muda ulikuwepo. Uchaguzi wenyewe ulikuwa mbali bado.

Nilitangulia Didia katikati ya wiki. Ndugu walikuwa wanamiminika. Mama alikuwa ameshonewa gauni jeupe na fundi wa pale senta, akalijaribu mbele yangu, akauliza kama halimfanyi aonekane kama gunia la pamba. Shangazi alikuwa anatufanyisha mazoezi ya kushika kitenge, sisi wawili, na mimi kila nikianza kushika nacheka. Kile kijumba cha nyasi nyuma ya zizi mama alishakibomoa kwa mikono yake, bila kuagizwa na mtu, na wazee wa ukoo walikuwa wamenuna lakini walikuja. Sijawahi kuwa na furaha kama ya siku zile, hata kwenye harusi yangu.

Ijumaa alasiri mume wangu alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo.

"Mama watoto, nimemaliza," alisema. "Nimetoka kwa askofu sasa hivi. Nimekabidhi joho, nimekabidhi kila kitu, tumeombeana vizuri. Wajumbe wa chama wamejaa hapa nyumbani toka asubuhi, na kuna maneno yameanza kwamba nitatumia madhabahu kuombea kura. Nimewafunga midomo. Hakuna atakayesema tena."

Nikamwambia, "Na Jumapili?"

Nilisikia watu wanacheka nyuma yake, nikasikia mtu anaitisha chai. Sikuhitaji kuambiwa lolote zaidi. Angekuwa amelazimishwa, angejieleza palepale. Angekuwa amepima akachagua, angekuwa na sababu za kunipa. Yeye alinyamaza, kisha akasema jina la Yesu polepole, na mimi nikajua kwamba katika zile hekaheka za wajumbe na chai, mume wangu alikuwa amemsahau mama yangu.

Kesho yake alfajiri alikwenda tena kwa askofu akaomba arudishiwe kazi kwa siku moja tu. Askofu alimwambia kazi ya Mungu haiazimwi, na kwamba ametoka kwa mdomo wake mwenyewe. Simlaumu askofu. Kama ningekuwa kwenye kiti chake, labda ningesema vilevile. Alifanya alichoweza, akampigia mchungaji mmoja kijana wa Shinyanga, akamwomba afike Didia Jumapili badala ya mume wangu.

Mimi ndiye niliyemwambia mama. Nilimkuta anapaka miguu mafuta. Nilimwambia mkwe wake amevua joho kwa ajili ya kazi ya udiwani, na kwamba atakuja mwingine. Hakuuliza kwa nini. Aliendelea kupaka mafuta mguu wa pili, akafunga kikopo.

Jumapili mchungaji yule alikuja, kijana mpole, na watu walijaa kwenye kingo za lambo, na ng'ombe walikuwa wamezuiwa mbali ili maji yatulie. Mama hakutoka nyumbani. Alimwandalia mgeni wali na kuku, akampokea kwa mikono miwili, mtu ambaye angeweza kumshika mkono bila tatizo lolote, akamshukuru kwa safari. Kisha akamwambia, mbele yetu sote, "Baba, wewe ni mtu mzuri. Lakini nikiingia majini na wewe, mkwilima wangu nitamwambia nini? Miaka yote hii nimemsikia yeye. Atamaliza hiyo kazi aliyopewa, atarudi, nitaingia naye."

Shangazi alijaribu kumsihi. Mimi nilipiga magoti, kweli nilipiga magoti kwenye vumbi nikamshika gauni. Alinibandua vidole kimojakimoja bila hasira. Watu walikula, wakaondoka. Jioni wachungaji wa ng'ombe waliruhusiwa, ng'ombe wakaingia lamboni.

Mume wangu alishinda. Alishinda vizuri, watu walimbeba juujuu kutoka kituo cha kura mpaka nyumbani. Na nitamtendea haki: zahanati inafunguliwa usiku. Alipigania jambo hilo kwenye baraza la madiwani mpaka wakamwita mchungaji king'ang'anizi, na leo wanawake wa kata yetu wanajifungulia kitandani. Yule mwanakwaya ana mtoto mwingine sasa, mnene, anatambaa kanisani. Kila ninapombeba nashukuru, na kila ninapomshusha nakumbuka kilichotokea Didia. Sijui jinsi ya kuvitenganisha.

Nyumbani hatukugombana. Nilipika, nilifua, nilipokea wageni waliokuja na shida zao toka asubuhi, wenye msiba, wenye karo, wenye kesi ya mipaka. Ila nilikuwa na kidonda, na yeye alikijua, na hakukigusa. Badala yake nilianza kumsikia akiwaambia watu kuhusu Jumapili ile. "Uongozi ulinitaka nikabidhi haraka," alikuwa anasema. Mwanzoni alisema kwa haya. Baadaye alisema kawaida tu, kama jambo lililotokea. Nilikuwa namwangalia usoni anaposema, na alikuwa anaangalia kwingine.

Tulikwenda Didia mara chache, na alikwenda na watu. Gari lilikuwa linasimama kwenye minyaa, wanashuka vijana wenye simu masikioni, watoto wa kijiji wanalizunguka. Safari moja mama aliniambia nimwambie mkwilima akae kwenye kigoda asome, amekaa siku nyingi bila kusikia. Alikaa, akatupa kisogo kama zamani. Hakuwa na Biblia. Alifungua ya kwenye simu. Kabla hajasoma, alisema, akielekeza maneno kwangu kama ilivyo desturi, "Mwambie mama kwamba kule nyuma uongozi uliniharakisha. Haikuwa matakwa yangu."

Sikulipeleka neno lile. Lakini ukuta wa nyumba yetu ni wa udongo, na mama hakuwa kiziwi. "Mwambie nimesikia," alisema ndani. "Mwambie kazi ya wakubwa haina ubishi. Asome."

Akaanza kusoma habari ya yule mwanamke wa kisimani. Hakufika mbali, simu ikaita ndani ya mkono wake uleule. Ilikuwa halmashauri. Aliinuka akaingia kwenye shamba la pamba akizungumza, mkono mmoja kiunoni, akienda mbele na kurudi. Mama alisubiri. Niliona miguu yake ameinyoosha sakafuni, amejiweka sawa, mtu aliyejiandaa kusikiliza. Mume wangu aliporudi alisema inabidi waondoke, kuna dharura. Alisema tutamalizia siku nyingine. Gari lilipoondoka mama aliniuliza, "Kazi yake inaisha lini?" Nikamwambia bado. Nilitamani kulirushia gari lile mawe.

Mama aliugua mvua zikiwa zimekolea. Ilianza kama kizunguzungu shambani, kisha upande mmoja wa mwili ukakataa. Alilazwa, wakatwambia turudi naye nyumbani, na nilijua maana yake. Nilikaa naye. Alikuwa anasema kwa shida lakini akili yake ilikuwa timamu. Aliweza kuuliza nani amefunga ndama. Nilimwambia, "Mayu, mama yangu, nimwite yule mchungaji wa Shinyanga? Watakubeba kwa kiti mpaka lamboni. Maji yapo, yamejaa." Nilimsihi kwa kila neno nililolijua, la Kiswahili na la kwetu. Alitikisa kichwa.

"Mkwilima amemaliza?" aliuliza.

Nikamwambia bado kidogo.

"Basi nitangoja," alisema. Na alifariki akiwa anangoja. Mume wangu alikuwa kwenye kikao cha bajeti. Nilimpigia mimi mwenyewe kumwambia, na nilipomsikia analia kwenye simu, mimi machozi yalikauka. Nilimpa muda wa mazishi kama ninavyowapa wageni wengine, nikakata simu.

Kwa kuwa hakubatizwa, hapakuwa na ibada. Wakristo majirani walikuja kama majirani, wakachota maji, wakapika, wakakaa kimya. Kwaya ilikuja bila sare. Hapakuwa na mchungaji wa kusimama kichwani pa kaburi, na wazee wa ukoo, ambao mama aliwaudhi kwa kubomoa kile kijumba, walifanya mambo yao kwa ufupi na kwa ubaridi. Mama yangu aliacha huku, na kule hakufika. Ndivyo nilivyoliona jambo lile nikiwa nimekaa mkekani na shangazi, kitambaa kimefungwa kichwani, na nililiona hivyo kwa uchungu ambao sijaupatia mahali pa kuuweka mpaka leo.

Kabla ya kushusha jeneza, msemaji wa shughuli alianza kuita watu wa kutoa salamu, kama inavyofanywa kwenye misiba yote siku hizi. Akamwita mwenyekiti wa kitongoji. Akamwita mtendaji. Kisha akasema, "Tuna bahati leo tunaye mheshimiwa diwani kutoka Geita, ambaye pia ni mkwe wa marehemu. Mheshimiwa, karibu utupe salamu za serikali."

Mume wangu aliinuka kutoka walipokaa wageni wa heshima. Amezika watu wengi mtu yule. Amezika wachimbaji waliotolewa vipande kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, amezika vichanga, na hajawahi kukosa neno. Alishika kipaza sauti, na mdomo wake ukaenda kwenye mazoea. "Ndugu wafiwa," alisema, "kwa niaba ya halmashauri yetu, na kwa niaba yangu mwenyewe..." Macho yake yalipita juu ya mkeka wetu. Nilikuwa hapo, mke wake, ndugu mfiwa, napewa pole kwa niaba ya halmashauri.

Alikatiza hapohapo. Akampa msemaji kile kipaza sauti. Kisha alifanya jambo ambalo kwetu halifanywi: alikata katikati ya watu, akaenda mpaka kwenye jeneza, akasimama akiliangalia moja kwa moja. Shangazi alinishika mkono. Tangu siku ya jaruba hajawahi kumtazama mama, hajawahi kumwambia neno bila kunipitia mimi.

"Mama," alisema. Hakupaza sauti, lakini uwanja mzima ulimsikia. "Hakuna aliyeniharakisha. Walikuwepo watu wengi nyumbani, nikafurahi, nikakusahau."

Alibaki amesimama pale, mikono imening'inia. Hakuomba. Hakuwa na ruhusa ya kuomba pale, na hakuiiba. Wanaume walisubiri kidogo, wakaangaliana, kisha wakashika kamba, naye akasogea pembeni ili wapate nafasi.

Neno lile nililisubiri miaka yote ile. Nililisubiri mezani, nikalisubiri kitandani, nikalisubiri hata nilipokuwa nampasia mashati ya vikaoni. Kumbe angelisema mapema, mama angecheka. Namjua, angecheka, angesema mkwilima naye ni mtu, na angekubali kuingia majini na yule kijana wa Shinyanga, kwa sababu kungoja mtu aliyeharakishwa na wakubwa ni heshima, lakini hakuna anayemngoja mtu aliyesahau. Alimngoja kwa sababu alimwamini.

Mchanga ulipoanza kushuka, mume wangu alikaa chini kwenye tope na suti yake, akalia kwa sauti kama wanavyolia wanawake. Hakuna aliyemfuata, watu hawakujua wamshike kama mkwe au kama mheshimiwa. Shangazi aliniambia, "Inuka, mwanangu. Nenda kamshike mumeo."

Nilimsikia. Nilikuwa nampenda, na sasa pia nampenda. Nilivuta kitenge nikafunika miguu, nikabaki nimekaa.